Athari za mitandao ya kijamii kwa afya ya akili

Athari za mitandao ya kijamii kwa afya ya akili ni mabadiliko, mabaya au mazuri, yanayotokea katika hisia, mawazo, usingizi na mahusiano ya mtu kutokana na matumizi ya mitandao kama Facebook, WhatsApp, Instagram, TikTok na X, hasa kama anaitumia kwa muda mrefu au kwa namna asiyoweza kuidhibiti. Athari mbaya zinazotajwa zaidi ni kukosa usingizi, wasiwasi, sonona, upweke, kujidharau na kushindwa kutuliza akili kwenye masomo au kazi. Athari nzuri ni pamoja na kuwasiliana na ndugu walio mbali, kupata taarifa za afya na kupata watu wa kumtia moyo mwenye shida.

Makala hii inaeleza suala hilo kwa jumla, kisha hali ilivyo Tanzania na Kenya, na mwishoni mazingira ya vijijini kwa mfano wa Mnazi, kata ya Wilaya ya Lushoto katika Mkoa wa Tanga.

Maana

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza afya ya akili kuwa hali ya ustawi inayomwezesha mtu kukabiliana na misukosuko ya maisha, kutambua uwezo wake, kujifunza na kufanya kazi vizuri, na kuchangia katika jamii yake. Kwa maana hiyo, mtu anaweza kuwa na afya mbovu ya akili bila kuwa na ugonjwa uliopewa jina hospitalini.

Hakuna idadi ya saa iliyokubaliwa na wataalamu wote kuwa ndiyo "matumizi makubwa". Wataalamu huangalia zaidi kama mtu ameshindwa kujizuia, kama anaacha mambo mengine muhimu kwa ajili ya simu, na kama anaendelea hivyo hata baada ya kuona madhara. Hali hiyo huitwa matumizi yenye matatizo. Watu wengi huiita "uraibu wa mitandao", lakini jina hilo halimo katika orodha ya kimataifa ya magonjwa ya WHO (ICD-11), iliyoanza kutumika mwaka 2022. Orodha hiyo imetambua uraibu wa michezo ya kompyuta, haikutaja mitandao ya kijamii kama ugonjwa wa pekee.

Historia

Facebook ilianzishwa mwaka 2004, YouTube 2005, Twitter (sasa X) 2006, WhatsApp 2009 na Instagram 2010. TikTok ilianza kutolewa nje ya China mwaka 2017.

Katika Afrika Mashariki, mwaka 2009 ulileta mabadiliko makubwa. Mwezi Julai mwaka huo mkongo wa mawasiliano wa SEACOM, uliopita chini ya Bahari ya Hindi, ulianza kufanya kazi na kufika Dar es Salaam na Mombasa. Kabla ya hapo intaneti ilitegemea zaidi setilaiti, ilikuwa ghali na ya polepole. Mwaka huohuo Facebook ilianza kupatikana kwa Kiswahili. Baadaye zilikuja simu janja za bei nafuu, na watu wengi waliifahamu intaneti kwa mara ya kwanza kupitia simu ya mkononi bila kuwahi kutumia kompyuta.

Mwaka 2009 pia Facebook iliweka kitufe cha "laiki". Tangu hapo idadi ya watu waliopendezwa na picha au maneno ya mtu imekuwa ikionekana wazi kwa kila mtu, jambo ambalo lina nafasi kubwa katika mjadala wa afya ya akili.

Namna mitandao inavyoathiri akili

Kupungua kwa usingizi

Njia iliyo wazi kuliko zote ni usingizi. Anayeperuzi kitandani huchelewa kulala, na habari za kusisimua au za kuudhi humwacha akiwa macho hata baada ya kuzima simu. Vijana wanahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kila usiku. Kukosa usingizi kwa muda mrefu huongeza hasira, wasiwasi na huzuni, na hudhoofisha kumbukumbu.

Nchini Tanzania bei ya bando inaweza kuchangia. Baadhi ya kampuni za simu zimewahi kuuza bando la usiku wa manane kwa bei nafuu kuliko la mchana. Kwa kijana asiye na kipato, saa za bei nafuu ndizo saa alizotakiwa kuwa amelala.

Kujilinganisha na wengine

Watu huposti harusi, magari, nguo mpya na safari. Ni wachache wanaoposti deni au njaa. Anayetazama hulinganisha maisha yake yote na dakika bora za maisha ya wengine. Picha nyingi hurekebishwa kwa programu zinazong'arisha ngozi na kubadili umbo. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa nyaraka za ndani za kampuni hiyo. Moja ilieleza kwamba kati ya wasichana waliokuwa tayari wanajisikia vibaya kuhusu miili yao, asilimia 32 walisema Instagram iliwafanya wajisikie vibaya zaidi.

Matusi na udhalilishaji

Matusi ya mtandaoni hayaishi mtu anapofika nyumbani. Humfuata chumbani, husomwa na watu wengi na hubaki kwa muda mrefu. Aina zake ni pamoja na kutukanwa kwenye maoni, kusambaziwa picha za faragha, kutishiwa ili atoe fedha, na kutengenezewa akaunti ya uongo. Aibu ya namna hii huwa nzito zaidi pale ambapo watu wote wanafahamiana, kwa kuwa anayedhalilishwa hukutana na waliosoma habari zake sokoni, kisimani na kwenye nyumba ya ibada.

Picha za kutisha

Video za ajali, mauaji na vita husambazwa kwenye makundi ya WhatsApp bila onyo. Kuzitazama mara kwa mara kunaweza kumletea mtu ndoto mbaya, hofu na moyo kufa ganzi.

Muundo wa programu zenyewe

Mitandao mingi hupata fedha kutokana na matangazo, kwa hiyo hufaidika kila mtumiaji anapokaa muda mrefu. Kurasa zisizo na mwisho, video zinazojicheza zenyewe na arifa za mara kwa mara zinatumikia lengo hilo. Kwa sababu hiyo si haki kumlaumu mtumiaji peke yake kwamba hana nidhamu.

Matokeo ya utafiti

Utafiti mwingi unaonyesha uhusiano kati ya matumizi makubwa na afya mbovu ya akili, lakini wataalamu hawakubaliani kuhusu ukubwa wake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu vijana 6,595 wa Marekani wenye umri wa miaka 12 hadi 15 uliwakuta waliotumia mitandao zaidi ya saa 3 kwa siku na hatari kubwa zaidi ya dalili za sonona na wasiwasi. Utafiti huo ni mmoja wa yale yaliyotajwa mwezi Mei 2023 na Vivek Murthy, daktari mkuu wa serikali ya Marekani, alipotoa onyo rasmi kuhusu mitandao na vijana.

Kwa upande mwingine, Amy Orben na Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 na kuandika mwaka 2019 kwamba matumizi ya teknolojia ya kidijitali yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi kati ya kijana na kijana. Hoja yao ni kwamba athari ya wastani ni ndogo. Hata hivyo wastani huweza kuficha watu wachache wanaoumia sana.

Tatizo lingine ni kutofautisha chanzo na matokeo. Kijana mwenye sonona anaweza kukimbilia simu kwa sababu tayari ana huzuni. Ili kulipima jambo hilo, Melissa Hunt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwagawa wanafunzi 143 katika makundi mawili. Kundi moja lilipunguza Facebook, Instagram na Snapchat hadi dakika 10 kwa siku kwa kila mtandao, kwa wiki 3. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba upweke na dalili za sonona zilipungua katika kundi hilo.

Katika Ulaya, Asia ya Kati na Kanada, ripoti ya ofisi ya WHO ya Ulaya ya mwaka 2024, iliyohusu takriban vijana 280,000 wa miaka 11, 13 na 15 kutoka nchi na maeneo 44, ilionyesha kwamba matumizi yenye matatizo yaliongezeka kutoka asilimia 7 mwaka 2018 hadi asilimia 11 mwaka 2022. Wasichana walikuwa asilimia 13 na wavulana asilimia 9.

Karibu utafiti wote uliotajwa hapo juu ulifanyika katika nchi tajiri. Matokeo yake hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa kijana wa Afrika Mashariki anayetumia simu moja pamoja na ndugu zake na kununua bando kwa siku.

Hali nchini Tanzania

Watoto na wanafunzi

Shule nyingi za sekondari nchini Tanzania haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu shuleni. Hivyo kwa wengi matumizi hujazana wakati wa likizo, na zaidi baada ya mtihani wa kidato cha nne unaofanyika mwezi Novemba. Wanaochaguliwa kuendelea na kidato cha tano huanza masomo Julai mwaka unaofuata. Miezi hiyo ya kusubiri, bila ratiba na bila kazi maalumu, ni kipindi ambacho kijana anaweza kupata simu yake ya kwanza na muda mwingi wa kuitumia kwa wakati mmoja.

Ripoti ya ECPAT, INTERPOL na UNICEF iliyotolewa mwaka 2022 ilikadiria kwamba asilimia 4 ya watoto wa Tanzania wenye miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikumbwa na ukatili mkubwa wa kingono kupitia mtandao katika mwaka mmoja. Hao ni takriban watoto 200,000. Watoto wengi wa namna hiyo hawamwambii mtu yeyote, kwa kuogopa kulaumiwa au kunyang'anywa simu.

Mikopo ya mtandaoni

Aina ya udhalilishaji inayowakumba zaidi watu wazima inatokana na programu za mikopo ya haraka. Baadhi ya programu hizo huchukua orodha ya namba zilizo kwenye simu ya mkopaji na, akichelewa kulipa, huwatumia ndugu na marafiki zake ujumbe wa kumwaibisha. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Sheria

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya kihisia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inasimamia matumizi ya taarifa za watu. Huduma kwa wagonjwa wa akili zinaongozwa na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Anayefanyiwa udhalilishaji anaweza kuripoti polisi, na vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Wasimamizi wa maudhui jijini Nairobi

Mfano unaojulikana zaidi Afrika Mashariki wa madhara ya kutazama maudhui mabaya kwa wingi ni wa wafanyakazi waliokuwa wakiyachuja kwa ajili ya Facebook jijini Nairobi, Kenya. Kazi yao, chini ya kampuni ya Sama, ilikuwa kutazama video na picha zilizolalamikiwa, zikiwemo za mauaji na ukatili kwa watoto, na kuamua zipi zifutwe.

Mwaka 2022 Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyefanya kazi hiyo, alizishtaki Meta (kampuni mama ya Facebook) na Sama mahakamani Nairobi. Mwaka 2023 wenzake wengi walifungua kesi nyingine baada ya kuachishwa kazi. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo. Desemba 2024 iliripotiwa kwamba zaidi ya wafanyakazi 140 waliopimwa na Dkt. Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, walikutwa na ugonjwa wa msongo unaofuata matukio ya kutisha.

Wafanyakazi hao waliona maudhui hayo kwa saa nyingi kila siku, tofauti na mtumiaji wa kawaida. Hata hivyo kesi yao inaonyesha kwamba kutazama tu, bila kuguswa mwili, kunaweza kumuumiza mtu.

Mazingira ya vijijini: mfano wa Mnazi

Mnazi ipo kwenye tambarare chini ya Milima ya Usambara, upande wa kaskazini, kuelekea mpaka wa Kenya. Ni eneo lenye joto na ukame kuliko milimani, na lina mashamba ya mkonge. Kwenda mji wa Lushoto, yaliko makao makuu ya wilaya, ni lazima kupanda milima.

Katika maeneo ya namna hii mitandao hufanya kazi mbili zinazopingana. Kwanza, huunganisha familia. Vijana wengi wa Usambara huondoka kutafuta kazi Tanga, Dar es Salaam na kwingineko, na kundi la WhatsApp la ukoo ndilo linalopeleka habari za msiba, michango na watoto waliozaliwa. Pili, mitandao humwonyesha aliyebaki kijijini maisha ya mjini yaliyopambwa. Aliye mjini naye huona haya kusema kwamba hali ni ngumu, huposti picha nzuri, na wa nyumbani huamini wao peke yao ndio walioachwa nyuma.

Tofauti kubwa kati ya kijiji na mji ni umbali wa msaada. Zahanati na vituo vya afya vipo, lakini mtaalamu wa magonjwa ya akili hupatikana zaidi katika hospitali kubwa, kama Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tanga ya Bombo. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, Mirembe, ipo Dodoma.

Milima ya Usambara yenyewe ina historia ndefu katika tiba hii. Hospitali ya Lutindi, katika Wilaya ya Korogwe, ilianzishwa mwaka 1896 na Waprotestanti wa Ujerumani kama makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Inahesabiwa kati ya hospitali za kwanza za aina hiyo Afrika Mashariki. Leo ipo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na wagonjwa hushiriki kazi za mikono na za shamba kama sehemu ya tiba.

Kwa sababu ya umbali huo, watu wa kwanza kugundua tatizo huwa ni wazazi, bibi, walimu na marafiki. Mara nyingi dalili hutafsiriwa kuwa uvivu, kiburi au kurogwa, na mgonjwa hufikishwa kwenye kituo cha afya akiwa amechelewa.

Faida

Mitandao ya kijamii si chanzo cha madhara tu. Wafanyakazi wa nyumbani kutoka Afrika Mashariki walioko Oman na nchi nyingine za Ghuba hutegemea simu kuzungumza na watoto wao na kuomba msaada wanapoteswa. Watu wenye ulemavu, wenye magonjwa ya muda mrefu na waliofiwa hupata wenzao wa kuzungumza nao. Wataalamu wa afya hutumia mitandao kueleza kwa Kiswahili magonjwa ambayo zamani yalionewa aibu.

Kwa kawaida, kuzungumza na mtu unayemfahamu huwa na manufaa kuliko kuperuzi kimya kimya kurasa za watu usiowajua. Saa 2 za kuongea na mama aliye mbali si sawa na saa 2 za kusoma matusi.

Dalili za kuangaliwa

Mtu anaweza kuhitaji msaada kama dalili zifuatazo zitadumu kwa wiki 2 au zaidi:

- kukosa usingizi, au kulala mchana kwa sababu ya kukesha na simu
- huzuni, hasira au wasiwasi unaozidi baada ya kutumia mitandao
- kuacha chakula, kazi, masomo, ibada au michezo aliyoipenda
- kujitenga na ndugu na marafiki
- kuficha simu kwa hofu au kushtuka kila inapolia, jambo linaloweza kuashiria kwamba anatishiwa
- kusema kwamba hana thamani au ni mzigo kwa wengine

Anayezungumzia kufa au kujidhuru asiachwe peke yake wala kusubiriwa wiki 2. Apelekwe kituo cha afya mara moja.

Kinga na tiba

Hatua zinazopendekezwa na wataalamu ni pamoja na kuacha simu nje ya chumba cha kulala, kuzima arifa zisizo za lazima, kuweka kikomo cha muda, kujitoa kwenye makundi yanayosambaza picha za kutisha, na kuacha kufuata kurasa zinazomfanya mtu ajidharau. Mzazi anashauriwa kuzungumza na mtoto kuhusu anachokiona mtandaoni na kumhakikishia kwamba hataadhibiwa akisema ukweli. Kunyang'anya simu ghafla kunaweza kumzuia mtoto kusema anapotishiwa.

Anayetishiwa kwa picha za faragha anashauriwa kutolipa, kuhifadhi ujumbe wote kama ushahidi, kumzuia anayemtisha asiendelee kumwandikia, na kumwambia mtu mzima anayemwamini. Tanzania ina Huduma ya Simu kwa Mtoto kupitia namba 116, ambayo hupigwa bila malipo. Kijijini msaada unaweza kuanzia kwa mwalimu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii au afisa ustawi wa jamii.

Sonona na wasiwasi hutibika kwa ushauri nasaha, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Kupunguza mitandao husaidia baadhi ya watu, lakini peke yake hakutoshi kwa mtu ambaye tayari ni mgonjwa.

Baadhi ya nchi zimechukua hatua za kisheria. Australia ilipitisha mwezi Novemba 2024 sheria inayozitaka kampuni kuzuia watoto chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa, na ilianza kutumika tarehe 10 Desemba 2025. Wanaoiunga mkono husema inaweka wajibu kwa kampuni badala ya mzazi. Wanaoipinga huhofia kwamba watoto watahamia mahali pasipo na usimamizi wowote.

Tazama pia

- Afya ya akili
- Sonona
- Mitandao ya kijamii
- Wilaya ya Lushoto
- Milima ya Usambara